Napoli kwa treni na bajeti ndogo: mwongozo kamili kuanzia Roma hadi baharini

Wasafiri wengi wenye siku chache Italia huzigawa kati ya Roma, Firenze na Venezia, wakaiacha Napoli kwa sababu wameambiwa ni chafu, ina kelele na ina wezi. Kelele ipo kweli. Lakini katika miji mikubwa ya Italia, huu ndio ambao mtu mwenye pesa kidogo anakula vizuri, anaona mengi bila kulipia, na anashuka kwenye treni akiwa tayari amefika mjini. Napoli ni mji wa bandari wenye wakazi wapatao laki tisa, uliojengwa chini ya mlima wa volkano wa Vesuvio, na maisha yake yako nje: nguo zimeanikwa juu ya vichochoro, pikipiki zinapenya katikati ya watu, na bibi aliye ghorofa ya tatu anateremsha kikapu kwa kamba ili muuza duka amtilie mkate.

Nimeuandika mwongozo huu kwa anayeanzia Roma, kwa kuwa ndiko wengi hutua, ama wakitokea Afrika Mashariki kupitia Addis Ababa, ama wakitokea London, Stockholm au Muscat. Kanuni yangu ni moja: bana pesa kwenye usafiri na malazi, kisha zitumie mezani na kwenye sehemu mbili tatu zinazostahili kiingilio.

Kabla ya kuondoka: viza na tarehe

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama anaishi Uingereza kwa kibali halali. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na yapelekwe ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukiomba kupitia Italia halafu tiketi zako zinaonyesha wiki nzima Paris, unajitafutia maswali. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen, kwa mfano Ujerumani au Sweden, haombi viza nyingine. Abebe pasipoti na kadi ya ukaazi.

Kwa tarehe, nachagua Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Agosti iepuke ukiweza: joto ni kali, vyumba viko juu, na karibu na tarehe 15 Agosti maduka na migahawa mingi ya wenyeji hufungwa kwa likizo. Desemba ina raha yake, ila mtaa wa San Gregorio Armeno, wanakotengeneza sanamu ndogo za pango la Krismasi, hujaa watu mpaka mguu hauna pa kukanyaga. Jambo jingine la kuangalia kwenye kalenda ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo makumbusho na magofu ya serikali, ikiwemo Pompei, mji wa Kirumi uliofukiwa na Vesuvio, huwa bure. Foleni za siku hiyo ni ndefu, lakini familia ya watu wanne inaokoa pesa ya maana. Na siku yoyote ile, watoto wa chini ya miaka 18 huingia bure sehemu hizo za serikali, wawe raia wa nchi gani.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino

Hapa ndipo wageni wengi hutoa pesa ya kwanza isiyo ya lazima. Ukitoka tu unaona mabango ya Leonardo Express, treni ya euro 14 inayokupeleka moja kwa moja Roma Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa takribani nusu saa. Stesheni hiyo hiyo ina treni ya kawaida iitwayo FL1, ya euro 8, inayopita Trastevere, Ostiense na Tuscolana hadi Tiburtina, stesheni nyingine kubwa ya Roma. Haifiki Termini. Lakini treni nyingi za kasi ziendazo Napoli husimama pia Tiburtina. Kwa hiyo kama unapitiliza, nunua tiketi ya Napoli inayoanzia Roma Tiburtina, panda FL1, na umebakiza euro 6, ambazo Napoli ni bei ya pizza nzima.

Jipe nafasi ya kutosha kati ya ndege na treni. Foleni ya uhamiaji kwa pasipoti zetu inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na tiketi ya bei ya chini kabisa hairudishiwi pesa treni ikikuacha. Mimi huacha saa tatu.

Kununua tiketi ya treni

Kati ya Roma na Napoli kuna kama kilomita 220, na njia za kuzivuka ni tatu.

Ya kwanza ni treni ya kasi. Kampuni ni mbili: Trenitalia, ya serikali, yenye treni za Frecciarossa, na Italo, ya binafsi, iliyoanza safari mwaka 2012. Zote hukimbia hadi kilomita 300 kwa saa na hufika kwa saa moja na dakika kumi hivi. Ushindani wao ndio faida yako. Bei zao hupanda kadiri siku inavyokaribia, kama za ndege: tiketi iliyonunuliwa wiki tano au sita kabla inaweza kuwa chini ya euro 20, na treni ile ile ukiinunulia dirishani siku ya safari inaweza kupita euro 50. Fungua programu za kampuni zote mbili kwenye simu, linganisha saa kwa saa, na usishikilie treni ya saa tatu asubuhi au ya Ijumaa jioni, kwani hizo ndizo wanazopanda wafanyakazi na wanafunzi. Katikati ya mchana, Jumanne au Jumatano, bei hushuka. Soma masharti kabla ya kulipa: daraja la chini kabisa la nauli kwa kawaida haliruhusu kurudishiwa pesa, na nauli iliyo juu yake kidogo huruhusu kubadilisha saa. Nunua kwenye programu au tovuti ya kampuni yenyewe, maana wauzaji wa kati wengi huongeza ada.

Ya pili ni Intercity, ya takribani saa mbili, ambayo nayo huuza tiketi chache za bei nafuu kwa wanaowahi.

Ya tatu ni treni ya mkoa, Regionale, na hii ndiyo rafiki wa mtu asiyepanga. Nauli yake haibadiliki, ukinunua leo au dakika kumi kabla ya kuondoka: ni kama euro 13 au 14. Haina namba ya kiti, unakaa ulipopata, na safari huchukua saa mbili na nusu hadi tatu hivi. Chagua inayopita Formia badala ya inayopita Cassino, kisha kaa upande wa kulia ukitazama inakokwenda treni. Baada ya mashamba ya tambarare na handaki refu, bahari inajitokeza upande huo karibu na Formia, ghuba ya Gaeta ikiwa imetandazwa chini yako. Treni ya kasi haikuonyeshi hilo, inapita bara.

Sasa jambo linalowaponza wageni wengi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilicho jukwaani au mlangoni mwa jukwaa kabla ya kupanda, na baada ya kugongwa ina muda wake wa kutumika, kwa kawaida saa nne. Tiketi ya simu nayo inahitaji kuwashwa: unafungua kiungo ulichotumiwa, unabonyeza sehemu ya check-in kabla ya kupanda, na rangi au alama inabadilika kuonyesha iko hai. Mkaguzi hatajali kwamba ulilipa. Bila muhuri au check-in, unatozwa faini, na kauli ya "mimi mgeni" wameisikia mara nyingi. Treni za kasi na Intercity hazina usumbufu huu kwa sababu tiketi yake ina treni, saa na kiti chako.

Stesheni ya Termini, kwenye mashine za tiketi, huja watu wakarimu sana wanaotaka kukubonyezea vitufe. Wakatalie kwa upole na uendelee. Mashine ina Kiingereza na Kifaransa na haihitaji mwalimu. Mtu wa kampuni ya reli huwa na sare na kitambulisho, na hadai chenji yako.

Siku ya safari

Fika nusu saa kabla. Angalia ubao ulioandikwa Partenze, yaani treni zinazoondoka. Usitafute neno Napoli peke yake, kwani treni yako huenda inaishia Salerno au Reggio Calabria na Napoli ni kituo cha njiani. Tafuta namba ya treni iliyo kwenye tiketi. Namba ya jukwaa, binario, huonekana dakika chache tu kabla, na hapo watu wote huinuka kwa pamoja. Termini ina mageti: onyesha tiketi ndipo uingie kwenye majukwaa. Ukiona neno ritardo na tarakimu mbele yake, hizo ni dakika za kuchelewa.

Neno la kuogopa zaidi ni sciopero, mgomo. Italia migomo hutangazwa mapema, na mara nyingi huangukia Ijumaa. Siku za kazi, treni za mkoa zina saa za ulinzi kisheria, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku, ambapo baadhi ya treni lazima zitembee. Ikikukuta, panga safari yako ndani ya saa hizo.

Beba chakula na maji kutoka dukani nje ya stesheni. Begi lako liweke mahali unapoliona, hasa treni inaposimama. Mwizi wa treni hupenda sekunde za mwisho kabla milango haijafungwa.

Kufika: shuka kituo sahihi

Treni zingine za kasi husimama kwanza Napoli Afragola. Ni stesheni nzuri mno kwa macho, kazi ya mbunifu Zaha Hadid, iliyofunguliwa mwaka 2017, lakini iko nje ya mji katikati ya mashamba, na kutoka pale hadi mjini ni safari nyingine. Unayoitaka ni Napoli Centrale. Hakikisha kwenye tiketi wakati wa kununua, si wakati wa kushuka.

Napoli Centrale inatazamana na uwanja mkubwa wa Piazza Garibaldi. Eneo hili lina sura yake: wachuuzi, mabasi, hoteli za bei ya chini, na Waafrika wengi, Wasenegali, Wanigeria, Wasomali, wenye maduka ya simu, saluni na migahawa. Anayetafuta chakula cha halali au wali wenye mchuzi wa nguvu asiende mbali, vichochoro vya hapa vinavyo. Mchana pita tu kama unavyopita Kariakoo, simu mfukoni na begi mbele. Usiku wa manane sikushauri uzurure hapa na mabegi.

Chini ya stesheni kuna treni za mjini. Laini ya 1 inakupeleka Università, Municipio karibu na bandari, Toledo, Dante na Museo. Laini ya 2 inaelekea Cavour, Montesanto, Mergellina hadi Pozzuoli. Tiketi moja ni kama euro moja na nusu, na kwenye mageti ya Laini ya 1 unaweza kugusa kadi ya benki moja kwa moja. Hata kama huna safari upande huo, shuka Toledo mara moja. Stesheni hiyo, iliyobuniwa na Óscar Tusquets Blanca na kufunguliwa mwaka 2012, iko karibu mita 50 chini ya ardhi, na ngazi za umeme zinakupitisha ndani ya kuta za vigae vya bluu zinazozidi kukolea kadiri unavyoshuka. Juu kuna tundu lililotobolewa hadi barabarani, mwanga wa jua unaingia kutoka huko. Makumbusho mengine yangekutoza euro 15 kwa mandhari hiyo.

Mahali pa kulala

Ushauri wangu ni mji wa kale, centro storico, kwa anayekuja mara ya kwanza. Kitanda kwenye chumba cha pamoja cha hosteli huwa kati ya euro 25 na 40 kutegemea msimu, na chumba cha watu wawili kwenye nyumba ya wageni mkigawana mara nyingi hakizidi hapo sana kwa kichwa. Faida ni kwamba kila kitu unakiendea kwa miguu, na kutoka Napoli Centrale ni mwendo wa dakika 15 hadi 20. Ubaya ni kelele hadi usiku. Anayetaka utulivu alale Vomero, mtaa wa juu mlimani unaofikika kwa treni za kamba, funicolare, zinazovutwa kupanda mlima. Anayetaka bei ya chini na yuko tayari kupanda ngazi aangalie Rione Sanità au Materdei.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti (majumba ya zamani mengi hayana), kodi ya wageni ya mji ni kiasi gani kwa usiku, maana hulipwa kando na aghalabu kwa pesa taslimu, na kama unaweza kuacha begi siku ya kuondoka.

Kula

Hapa usibane. Ufundi wa kuchoma pizza wa Napoli uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2017, na bado pizza yenyewe ni chakula cha mtu wa kawaida. Mtaa wa Via dei Tribunali umejaa wapishi. Margherita ya mezani ni kama euro 5 hadi 7. Pizza a portafoglio, iliyokunjwa mara nne ili uile ukitembea, ni kama euro 2. Angalia mpishi anavyofanya: donge la unga analifungua kwa vidole tu, bila kijiti, ukingo anauachia hewa, linaingia kwenye tanuri la kuni na halikai hata dakika mbili, linatoka na madoa meusi pembeni na katikati kukiwa na majimaji. Katikati pakiwa pamelowa usidhani haijaiva. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa wasomaji wangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, yapo ambayo macho hayaoni. Taralli, zile pete ngumu za unga zenye lozi na pilipili manga, kwa desturi ya hapa hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Keki ya sfogliatella, ile ya matabaka membamba, kwa mapishi ya asili nayo hupakwa mafuta hayo hayo. Pizza fritta ya kukaanga mara nyingi huwa na vipande vya nguruwe ndani. Keki ya babà imelowekwa kwenye pombe ya rum. Neno la kuuliza ni strutto au sugna, mafuta ya nguruwe. Wauzaji hujibu bila kinyongo. Kwa usalama chagua pizza ya marinara, ambayo ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, haina hata jibini. Au nenda soko la Pignasecca, karibu na Montesanto, ununue cuoppo, yaani karatasi iliyosokotwa na kujazwa dagaa, ngisi na kamba waliokaangwa, kwa euro chache. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani kwenye meza zile za samaki.

Kahawa inywe umesimama kaunta, ni kama euro moja na senti 20 au 30. Ukikaa mezani kwenye uwanja maarufu bei huongezeka mara mbili au tatu. Mji huu una desturi ninayoipenda mno, caffè sospeso: unalipia vikombe viwili, unakunywa kimoja, na cha pili kinabaki kwa ajili ya mtu asiye na pesa atakayepita kuulizia. Kwenye mgahawa wa kukaa, tazama mstari wa coperto kwenye menyu. Ni malipo ya kiti na mkate, kawaida euro 1 hadi 3 kwa mtu. Si utapeli, ila yahesabu. Maji ya bomba yananyweka, jaza chupa yako.

Siku ya kutembea kwa miguu

Siku nzima ya Napoli inaweza kukugharimu chakula tu. Anza Piazza del Gesù Nuovo na ufuate Spaccanapoli, barabara nyembamba iliyonyooka inayoupasua mji wa kale katikati. Mkondo wake ni ule ule waliouchora Wagiriki walioanzisha mji huu na kuuita Neapolis, na mji wa kale wote ni urithi wa dunia tangu 1995. Makanisa mengi huingii kwa kulipa. Katika Duomo, kanisa kuu la mji, wamehifadhi vichupa vya damu ya San Gennaro, msimamizi wa mji, ambayo watu husubiri iyeyuke mara tatu kwa mwaka, siku kubwa ikiwa 19 Septemba.

Ukifika Piazza San Domenico Maggiore, simama kidogo mbele ya Palazzo Corigliano. Hilo ni jengo la Chuo Kikuu cha L'Orientale, kilichotokana na shule aliyoianzisha padri Matteo Ripa mwaka 1732 baada ya kurejea kutoka China, na humo Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Marehemu Elena Bertoncini, miongoni mwa wachambuzi wakubwa wa fasihi yetu, alikuwa mwalimu wa chuo hiki. Hamna kiingilio wala kibao cha watalii, lakini kwangu ni moja ya sehemu za kuheshimu katika mji huu.

Hatua chache kutoka hapo kuna kikanisa cha Sansevero, na hapa nakuambia lipa. Ndani kuna sanamu ya Kristo aliyefunikwa sanda, kazi ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753. Sanda na mwili ni jiwe moja la marumaru, na bado unaona mshipa wa paji la uso chini ya kitambaa. Tiketi hununuliwa mtandaoni na huisha wiki kadhaa kabla, kupiga picha hairuhusiwi, Jumanne pamefungwa. Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, yenye michoro na vyombo vilivyotolewa Pompei, nayo hufungwa Jumanne. Kwa hiyo Jumanne yako ipeleke Pompei.

Mchana vuka barabara ya Toledo uingie Quartieri Spagnoli, vichochoro vya mwinuko ambamo picha kubwa ya Maradona imegeuka mahali pa hija. Alichezea Napoli kuanzia 1984 hadi 1991 na kuipa ubingwa wa 1987 na 1990; uliofuata ulisubiriwa hadi 2023, kisha ukaja mwingine 2025. Usimtanie Maradona mbele ya mwenyeji.

Jioni panda treni ya kamba kwenda Vomero, kisha tembea hadi kiwanja kilicho mbele ya Certosa di San Martino, monasteri ya zamani. Ni bure, na mbele yako kunakuwa na Vesuvio, ghuba yote na paa za mji wa kale zilizokatwa na ule mstari wa Spaccanapoli. Kushuka, tumia ngazi za Pedamentina, zaidi ya mia nne, maadamu bado kuna mwanga. Malizia ufukweni, barabara ya Caracciolo hadi ngome ya Castel dell'Ovo, ambako familia zinatembea na vijana wanaruka majini kutoka kwenye mawe.

Kuvuka barabara kuna adabu yake. Ukingoja gari lisimame lenyewe utangoja sana. Mtazame dereva, ingia kwa mwendo wa kawaida usiobadilika, usikimbie wala usirudi nyuma. Pikipiki zimeshakupimia na zitapita nyuma yako.

Pompei au Ercolano

Treni ya huko ni Circumvesuviana, tofauti na zote za awali na yenye tiketi zake, chini ya euro 4 kwa njia moja hadi Pompei. Wengi huipandia Garibaldi, chini ya Napoli Centrale, na kuikuta imeshajaa. Tembea dakika kumi hadi Porta Nolana, kituo inakoanzia, utapata kiti. Panda inayoelekea Sorrento na ushuke Pompei Scavi–Villa dei Misteri, baada ya dakika 40 hivi. Mabehewa mengi ni ya zamani, kiangazi yana joto, na wezi wa mfukoni wanaijua ratiba yake kuliko wewe. Pasipoti iwe ndani ya nguo.

Pompei huruhusu watu 20,000 tu kwa siku na tiketi zina majina, kwa hiyo nunua mtandaoni kabla na ubebe pasipoti. Nje ya stesheni wapo wanaojiita ofisi ya habari. Wapite, lango la Porta Marina liko mita chache mbele. Mabegi makubwa hayaingii. Beba kofia na chupa, ndani kuna mabomba ya maji lakini kivuli ni haba. Jipe saa nne angalau. Nenda kwenye mitaa isiyo na makundi, uinamie barabara: mawe yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na katikati yamepangwa mawe ya kuvukia ili mtu asikanyage maji machafu. Hapo ndipo unaelewa kwamba hawa walikuwa watu wa sokoni na jikoni hadi siku Vesuvio ulipolipuka mwaka 79.

Kama una nusu siku tu, au una wazee na watoto, chagua Ercolano, mji mwingine wa Kirumi uliofukiwa na mlipuko huo huo. Iko dakika 20 hivi kwa treni hiyo hiyo, ni ndogo, na imehifadhika hata zaidi: mbao za milango na vitanda zimebaki, zimegeuka makaa. Kutoka stesheni unateremka barabara moja hadi langoni.

Kisiwa kimoja, na kiwe Procida

Capri ni nzuri na ni ghali. Kwa bajeti yetu nasema Procida, kisiwa kidogo cha wavuvi kilichokuwa mji mkuu wa utamaduni wa Italia mwaka 2022. Boti za kasi hutoka Molo Beverello; meli za kawaida, za polepole na za bei nafuu, hutoka Calata Porta di Massa, na huchukua saa moja hivi. Njia nyingine ni kupanda Laini ya 2 hadi Pozzuoli, kuteremka kwa miguu hadi bandarini na kuvuka kutoka huko, ambako bahari ni fupi. Ukipita Pozzuoli, tazama nguzo tatu za soko la Kirumi lililo karibu na bandari, unaziona ukiwa barabarani bila kulipa. Zina mkanda wa matundu yaliyotobolewa na kombe wa baharini mita kadhaa juu ya ardhi, kwa kuwa ardhi ya hapa hushuka na kupanda kwa nguvu ya volkano iliyo chini, na nguzo hizo ziliwahi kuzama.

Kisiwani, shuka hadi Marina Corricella, nyumba za njano, waridi na bluu juu ya nyavu zilizoanikwa. Ulizia meli ya mwisho ya kurudi kabla hujaketi kula, hasa bahari ikichafuka.

Hesabu ya siku na safari ya kurudi

Kwa mtu mmoja, siku ya kawaida Napoli naiweka hivi: kitanda euro 30, chakula 20 hadi 25, usafiri 5, kiingilio kimoja 15 hadi 20. Siku za kutembea tu zinashuka hadi 55 au 60. Kulala usiku tatu kunatosha kwa mji, Pompei na Procida bila kukimbizana. Ukipanga makumbusho mengi pamoja na Circumvesuviana, piga hesabu ya Campania Artecard, kadi inayounganisha viingilio na usafiri wa mkoa. Ukienda sehemu mbili kubwa na safari kadhaa, mara nyingi inalipa.

Kwa kurudi, tiketi ya treni ya kasi inunue siku ile ile uliyonunua ya kwenda. Siku ya kuondoka acha begi ulikolala, au kwenye huduma ya kuhifadhi mizigo ndani ya Napoli Centrale, ili asubuhi iwe yako. Kama ndege yako ni ya siku hiyo hiyo kutoka Fiumicino, usitegemee treni ya mwisho inayowezekana. Chukua iliyo mbili kabla yake, ushukie Tiburtina, na FL1 ikupeleke uwanjani kwa zile zile euro 8.